Barua ya Wazi kwa Kamati ya Fedha: Mkulima wa Kehancha Adai Mrabaha

Kwa Waheshimiwa,
Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa,
Bunge la Taifa, Nairobi.

MINT: JINA LA MKULIMA WA TUMBAKU KUTUMIKA BILA MALIPO

Mkulima wa tumbaku wa Kehancha, Migori, anaisalimu Kamati kwa unyenyekevu na kuishukuru kwa nafasi ya kukumbukwa. Hukumbukwa kila mwaka, Mswada wa Fedha unapochapishwa na vikao vya maoni ya umma kufunguliwa. Miezi mingine hakuna anayeuliza hata kama miche yake imeota. Ikifika Mei, mawakili, washauri wa kodi na maafisa wa uhusiano mwema hupigana vikumbo kumtaja. Ushuru ukipanda, wanaapa, Mkulima Mdogo wa Migori ataumia. Yeye mwenyewe, aliye zaidi ya kilomita 300 kutoka ukumbini, hupata habari za maumivu yake redioni.

Amekuwa mtu mashuhuri huko Nairobi, huyu Mkulima Mdogo. Hana jina, hana kijiji, hana namba ya simu, na hajawahi kukohoa kikaoni ingawa moshi wa bani, banda la kukaushia tumbaku, umemjaa kifuani. Ana mikono tu, imepigwa picha ikishika jani.

Zamani alitajwa kwenye mambo ya sigara, na hapo hakulalamika sana, kwa kuwa jani lilikuwa lake. Lakini siku hizi ushuru wa sigara, wa vifuko vya nikotini na wa maji yanayovutwa kwenye sigara za elektroniki huandikwa katika jedwali moja la sheria. Anayetetea kimoja huishia kutetea vyote, na Mkulima Mdogo hubebwa humo humo. Amejikuta mtetezi wa mvuke wenye ladha ya embe, ambao hajawahi kuunusa.

Ili asionekane mjinga mbele ya waheshimiwa, amejisomea. Amegundua kwamba sigara ya elektroniki ya kisasa ilibuniwa na mfamasia wa Kichina, Hon Lik, mwaka 2003, na kwamba sehemu kubwa ya vifaa hivyo duniani hutengenezwa Shenzhen. Ametafuta Shenzhen katika orodha ya miji ya Kaunti ya Migori. Baada ya Isebania na Mabera, hakuiona.

Amejisomea pia habari za ushuru wenyewe. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka 2015 ilitoza shilingi 3,000 kwa kila kifaa. Mwaka 2022 hesabu ikabadilishwa: asilimia 40 ya thamani ya kifaa, na shilingi 70 kwa kila mililita ya maji ya nikotini. Mswada wa Fedha wa 2024 ukataka shilingi 100. Vijana wakaingia barabarani, Juni 25 wakafika hadi ndani ya Bunge, damu ikamwagika, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Mswada ukazikwa. Desemba mwaka huo huo shilingi 100 ikafufuka ndani ya sheria nyingine ya marekebisho ya kodi, ikaanza kutozwa tarehe 27 watu wakiwa bado na pilau ya Krismasi mdomoni. Chupa ya mililita 10 sasa inabeba ushuru wa shilingi 1,000. Mwenyekiti wa Kamati mwaka huo, Mheshimiwa Kimani Kuria wa Molo, anabeba jina la Wakuria wa huku Kehancha bila kutoka kwao, kwa hiyo hawamdai lolote la ukoo.

Watetezi wa mvuke wanasema kodi hiyo itawarudisha wavutaji kwenye sigara za moto. Pengine wana hoja. Ni ubishi wa madaktari na wachumi, waachiwe. Wanasema pia kwamba kodi huzaa magendo, na hapo mtu wa Kehancha hahitaji mtaalamu wa kumfundisha: Isebania ni jirani, Sirari ya Tanzania iko ng'ambo ya mpaka tu, na bodaboda hazilali. Anachouliza mkulima ni kidogo zaidi. Yeye ameingiaje katika chupa hiyo?

Hasemi kwamba hana uhusiano wowote na nikotini. Anao, tena wa karibu kuliko mvutaji yeyote wa Westlands huko Nairobi. Akivuna asubuhi majani yakiwa na umande, nikotini huyeyuka katika maji hayo na kupenya ngozi yake. Kufikia saa nne kichwa kinamzunguka na anatapika nyuma ya bani. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema mkulima anaweza kufyonza kwa siku nikotini inayolingana na ya sigara 50. Kwa sheria iliyopo hiyo yote ni nikotini ya maji isiyolipiwa ushuru wala kubandikwa stempu. Mkulima anaomba radhi kwa mapato ambayo taifa limepoteza kupitia viganja vyake, na anaomba pia viganja vya wanawe visikaguliwe.

Kutumiwa huku kwa jina la mkulima hakukuanzia Kenya. Mwaka 1984 kiliundwa chama cha kimataifa cha wakulima wa tumbaku, ITGA. Nyaraka za ndani za makampuni ya sigara, zilizoanikwa baada ya kesi za Marekani za miaka ya 1990, zilionyesha jinsi makampuni yalivyopanga kukitumia chama hicho kama sauti ya wakulima wa nchi maskini mbele ya WHO. Mkulima wa Malawi na mwenzake wa Kuria walikuwa wakisema Geneva maneno ambayo hawakuyajua. Walisema vizuri sana, kwa Kiingereza safi.

Kwa kuwa jina lake limekuwa bidhaa, mkulima anaomba linunuliwe kama bidhaa. Hili ndilo ombi lake kuu, na amelifikiria usiku mwingi akichochea moto wa bani.

Anaomba lifunguliwe Soko la Huruma mjini Kehancha. Mtu yeyote anayetaka kusimama mbele ya Kamati na kumlilia Mkulima Mdogo, kwanza alete huruma yake hapa ipangwe gredi. Aje nayo alfajiri, imefungwa kwenye marobota, kila robota limeshonwa gunia na kuandikwa namba. Apange foleni juani. Asiulize soko litafunguliwa saa ngapi.

Karani atakuwa mama mmoja aliyelima tumbaku tangu akiwa msichana. Atapita mbele ya marobota bila kusimama. Atachomoa ukurasa mmoja katikati, ataunusa, ataupinda kuona kama umekauka sawasawa, kisha atataja gredi kwa herufi na namba ambazo mwenye robota hatazielewa. Hotuba yenye neno “riziki” na takwimu zisizo na chanzo itapata gredi ya chini kabisa. Yenye picha ya mikono itarudishwa kwa kuwa na takataka ndani. Yenye jina la mkulima wa kweli aliyeulizwa maoni yake akajibu itapata gredi ya juu, ingawa karani ameagizwa kwamba gredi hiyo isitolewe zaidi ya mara moja kwa msimu. Mwenye malalamiko anaruhusiwa kulibeba robota lake hadi Nairobi na kulileta tena wiki ijayo, likiwa limepungua uzito.

Baada ya gredi, mzani. Mzani utakuwa wa wakulima na utasomwa na wakulima, na mgeni atasimama upande ambao mshale hauonekani. Bei itakuwa imekwisha kupangwa kabla mgeni hajazaliwa, kwa kusema tu. Halafu makato: mbegu ya wazo hilo alipewa kwa mkopo na mkulima, na mbolea, na dawa, na kuni alizokausha nazo machozi yake. Akimaliza kukatwa atapewa kikaratasi. Ikiwa kikaratasi kinaonyesha kwamba bado anadaiwa, asihuzunike. Atapewa miche mipya ili msimu ujao alipe deni. Kinachosalia, kama kipo, ndicho mrabaha wa mkulima kwa kutumiwa jina lake, na utalipwa baada ya miezi kadhaa.

Waheshimiwa wakiona utaratibu huu ni wa kikatili, mkulima ataomba kuelezwa ni kipengele kipi hasa, kwa sababu hakubuni hata kimoja.

Yako maombi mengine madogo. Kila atakayesema “mkulima wa Migori” asafiri kwa matatu hadi Kehancha msimu wa mvua, abiria wanne kwenye kiti cha watatu. Kila memoranda yenye neno hilo ibandikwe stempu ya ushuru ya Mamlaka ya Mapato, KRA. Na vikao vya maoni, mara moja tu, vifanyike chini ya mti huko Ntimaru, chai ikiwa ya rangi.

Na kuna jambo ambalo mkulima alikusudia kulisema kwa utani, utani ukagoma. Kenya iliridhia mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 ikaiagiza serikali iweke sera za kuwapa wakulima njia mbadala zenye faida. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 2004 sasa ni mtu mzima, na wako waliokulia mlangoni pa bani, wakakosa shule msimu wa kukausha, na leo wana kitalu chao na deni lao. Wenye kampuni wanasema wanampigania mkulima. Wenye kodi wanasema wanamlinda. Miaka yote hiyo miti ya kuni imekatwa hadi kilima kimebaki kipara, na ninyi nyote mnasema kwa niaba yake kwa sababu mnajua hatafika kuwakanusha. Hana nauli. Mmekwisha kuikata kwenye kikaratasi.

Mkulima anaomba radhi kwa ukali huo na anarudi kwenye adabu.

Anakiri kwamba kuna waliofika bila picha ya mikono. WHO, FAO na WFP pamoja na serikali walianzisha Migori mradi wa mashamba yasiyo na tumbaku, wakaleta maharagwe yenye madini ya chuma na, jambo ambalo ni adimu, wakaleta na mnunuzi. Mei 31, 2023, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani ilikuwa na wito wa kulima chakula badala ya tumbaku. Maharagwe hayahitaji bani, hayamtapishi mvunaji, na yakikosa soko yanaliwa. Kampuni ya tumbaku ilimshika mkulima kwa kumpa mbegu na mbolea kwa mkopo pamoja na uhakika wa mnunuzi, hata kama mnunuzi huyo ndiye aliyempunja. Kamati ikitaka kujua sehemu moja ya hiyo shilingi 100 ingeweza kufanya kazi gani Kuria, ianzie hapo: mkopo wa pembejeo kabla ya mvua, na gari la kununua maharagwe linalofika siku liliyosema.

Majibu yaletwe kwa maandishi kabla ya Mswada wa Fedha ujao kusomwa, yakiwa makavu na bila takataka.

Wenu mtiifu,
Mkulima Mdogo,
Kehancha, Kuria Magharibi.

Nakala:
Makampuni ya tumbaku na nikotini: marobota yenu mnaweza kuanza kuyashona.
Mamlaka ya Mapato, KRA: mtatumiwa yote isipokuwa ile aya ya umande.