Barua ya Wazi: Naomba Kurudishiwa Fundi

Kwa Tume ya Taifa ya Walaji,
Pretoria.

YAH: KURUDISHIWA FUNDI WA MLANGO WA GEREJI

Waheshimiwa, kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Awali ya yote nawapongeza kwa Sheria ya Kumlinda Mlaji, Namba 68 ya 2008, iliyoanza kazi 2011. Tamu kuisoma. Pole kwa fundi, hajabahatika.

Fundi mnamjua. Ukitafuta mtandaoni, tangazo lake linatangulia yote, kuja kukagua ni bure, karakana yake haina mtaa. Akifika hukagua gari kwanza, mlango baadaye. Springi imekufa, mota imekufa, sakiti imekufa. Msiba mtupu, na rambirambi nusu ilipwe leo, kwenye akaunti ya shemeji. Anaondoka na mota kwenda kuipima. Ukipiga simu kesho yake, haipatikani.

Sasa, kifungu cha 67. Kinaamuru vipuri vilivyotolewa wakati wa matengenezo vitunzwe, vitengwe na vya wengine, kisha mwenyewe arudishiwe ndani ya chombo kilicho safi kwa kiasi. Waheshimiwa, kipuri kikubwa kuliko vyote kilichotoka kwangu siku ile ni fundi mwenyewe. Naomba nirudishiwe.

Chombo kimtoshe yeye na ngazi yake. Kiwe na matundu ya hewa, mimi si katili. Kwa kuwa sheria inasema "kwa kiasi", sitalalamikia vumbi wala maganda ya ndizi. Ila atengwe na mafundi wa watu wengine, nisije nikaletewa wa mtu wa Randburg. Simu iwe mfukoni, imewashwa. Juu ya chombo libandikwe jina lake la kweli. Nitamkagua kabla ya kusaini, maana mtu anayepaka rangi springi kuukuu na kuiuza kama mpya, nachelea na yeye atakuja amepakwa rangi.

Mengine ni madogo. Kifungu cha 57 kinadai dhamana ya miezi 3 kwa kipuri kilichofungwa na kazi yenyewe. Naomba laini yake ya simu nayo iishi miezi hiyo. Kifungu cha 15 kinanipa haki ya kuomba makadirio ya bei na kuyakubali kabla ya kutozwa. Yaandikwe kwenye karatasi, si kiganjani mwake.

Na msidhani tunamlipa kwa ujinga. Jua likizama Johannesburg na mlango umekwama wazi, watoto wamelala ndani, utalipa chochote. Analijua hilo. Hofu yetu ya wezi ndiyo mtaji wake, na mwizi ni yeye, tena tuliyemfungulia geti wenyewe na kumpa chai. Mnangoja nini?

Samahani, nimepandisha sauti.

Ikiwa fundi hatapatikana, nitapokea mota.

Naomba kuwasilisha.

Mkazi wa Kensington,
Johannesburg