Goti Langu na Madaktari wa Barazani

Ukitaka kujua Unguja ina madaktari wangapi, nenda barazani baada ya sala ya alasiri, kaa na wenzako, halafu ukiinuka ushike goti useme "ah!" Hiyo "ah" haijamaliza kutoka, dawa zishaanza kumiminika. Mimi nilianziwa na bamia. Bamia ina ute, goti nalo lina ute, na goti likilia kwa-kwa-kwa ujue ute umekwisha. Basi nile bamia asubuhi na jioni, na ikiwezekana niile mbichi. Aliyeniandikia dozi hiyo ni fundi magari mstaafu, na nina hakika wakati anazungumza alikuwa anaiona giriboksi. Jirani yake akamkatiza: bamia mchezo wa watoto, mtu mzima anakunywa supu ya makongoro. Wa tatu hakusema kitu. Alitia mkono mfukoni, akatoa kichupa cha mafuta ya makonyo ya karafuu, akakiweka mbele yangu, akakunja mikono.

Nimekula bamia mpaka mke wangu akaniuliza kama nimeapa kuacha nyama. Makongoro nimekunywa pia, na hayo sijutii. Lakini kwa heshima zote za baraza, hakuna mfereji unaotoka tumboni kwenda gotini. Bamia ikishuka inasagwa sawa na chakula chengine chochote, na kongoro la ng'ombe halijui kwamba limetumwa kwenye mguu wa mtu. Mafuta ya makonyo ndiyo yaliyonifanyia kitu. Yale yanatoka Pemba, kiwanda cha Wawi karibu na Chake Chake, na ndani yake mna yujenoli, ile ile wanayoitumia madaktari wa meno kulitia jino ganzi. Ngozi inawaka, kisha inapoa, na kwa muda unasahau. Tatizo ni kuwa goti liko chini ya ngozi na mafuta yanaishia juu. Ukiyapaka makali bila ya kuyachanganya, unakwenda kulala na maradhi mawili.

Vidonge navyo visisahauliwe. Duka la dawa wanakukatia diklofenaki karatasi nzima bila ya kukuuliza una presha, una vidonda vya tumbo, figo zako zikoje. Na hayo matatu ndiyo hasa ya kuulizwa, maana dawa za jamii ile zinayachokoza yote. Maumivu yanapungua, sikatai. Unashuka ngazi unaimba. Usiku nguvu ya kidonge inakwisha, na asubuhi ngazi ziko pale pale.

Ngazi zenyewe ni za Michenzani. Nakaa ghorofa ya nne, kwenye yale majumba marefu aliyoyaanzisha Mzee Karume kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Upepo tele, sokoni karibu, lifti hakuna. Vijana wanadhani kazi ni kupanda. Kupanda unahema tu, ukifika unakaa, unapewa maji. Shughuli iko kwenye kushuka. Nilidhani ni deko langu mpaka nikasomewa habari za watafiti wa Berlin waliotia vipimo vya umeme ndani ya magoti ya bandia ya watu watano, wakawaambia watembee, wakae, wasimame, wapande na washuke. Matokeo waliyachapisha mwaka 2010. Ukitembea pahala pa sawa, goti linabeba zaidi kidogo ya mara mbili na nusu ya uzito wako. Ukipanda ngazi, mara tatu na kitu. Ukishuka, karibu mara tatu na nusu. Mimi nina kilo 80. Piga hesabu: kila nikiteremsha mguu, goti linapokea magunia matano na nusu ya mchele, yale ya kilo 50. Kwa hivyo Wajerumani walitusaidia kujenga ngazi, kisha wakaja Wajerumani wengine kupima zinavyotutenda. Hawa watu hawaachi kazi nusu.

Daktari wa kweli, yaani yule mwenye koti, alinipiga picha. Ikaonekana gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, limelika, na pembeni pameota vijipembe vya mfupa. "Ni umri, mzee." Sijafika sitini! Nikatoka na picha yangu kwapani, nikapita barazani. Wakaipokea, wakaiinua juani, wakaizungusha chini juu, wakakubaliana: goti lifunguliwe, lisafishwe. Fundi magari alisema kuosha ndiko kunakotakiwa.

Hapo nikanyanyua sauti, maana hilo nimelisoma. Mwaka 2002 madaktari wa Houston, Marekani, walitangaza utafiti wa wagonjwa 180 wenye magoti yaliyolika. Baadhi yao waliingizwa kamera na vyombo, goti likasafishwa kwa ndani. Wengine walilazwa mezani, wakachanjwa ngozi tu, wakashonwa, bila ya mwenyewe kujua ni wa kundi gani. Wakafuatiliwa miaka miwili. Waliochanjwa ngozi tu hawakuwa nyuma ya wenzao kwa chochote, si kwa maumivu wala si kwa kutembea. Kubadilishiwa goti zima ni jambo jengine, na wapo wanaolihitaji. Lakini kuosha? Baraza likanyamaza kidogo, kisha mmoja akasema Houston hakuna bamia.

Na hiyo picha yenyewe si hakimu. Kuna watu wana picha mbaya kuliko yangu na wanacheza ngoma mpaka asubuhi. Na kuna wenye picha safi wanaolia. Wengi hawaambiwi hili, wakishaiona picha wanakwenda kukaa kitako, na kukaa kitako ndiko kunakowamaliza.

Basi nikapelekwa fiziotherapia. Nilivaa kanzu safi nikitarajia mashine yenye taa. Nikakuta kitanda, kiti cha mbao, kingazi cha vidato vitatu na binti wa umri wa kitinda mimba wangu.

"Shikamoo, babu."

Babu! "Marahaba, mwanangu."

Akaniambia nikae kwenye kile kiti, nikunje mikono kifuani, nisimame bila ya kujishika. Nilisimama kwa kutupa kichwa mbele na kumtaja Mungu. Akaandika. Kisha akatoa tepu ya kushonea, ile ya fundi cherehani, akapima kutoka kwenye pia ya goti kupanda juu, akatia alama kwa kalamu, akaizungusha tepu kwenye paja la kulia. Akafanya hivyo hivyo la kushoto. Akaninyooshea tepu nione ukucha wake ulipoishia mara ya kwanza na ulipoishia mara ya pili. Paja la mguu mbovu lilikuwa jembamba. Mguu ni wangu, nauogesha kila siku, na sikuwahi kuliona hilo.

Akanieleza polepole, kwa sauti ile wanayozungumziwa viziwi. Goti likiuma, unauhurumia mguu. Ukiuhurumia, msuli wa mbele wa paja unanywea. Ukinywea, goti linabaki peke yake kupokea yale magunia, linauma zaidi, nawe unazidi kuuhurumia. Nikamuuliza kuhusu ute. Akacheka. "Ute upo, babu. Gegedu halina mishipa ya damu, chakula chake kiko kwenye huo ute, na unaingia na kutoka pale goti linapobanwa na kuachiwa. Usipotembea, haufiki." Nikakumbuka bamia zote zile na bei yake.

Kisha akanipa kazi. Kaa kitini, nyoosha mguu mbele, ushikilie, hesabu mpaka kumi, teremsha taratibu. Kunja taulo, weka chini ya goti, ligandamize. Lala ubavu, nyanyua mguu wa juu, maana misuli ya nyonga nayo ina lake kwenye goti. Kaa, simama, kaa, simama. Panda kidato kimoja, shuka polepole mguu mbovu ukiwa ndio unaobeba. Nikauliza dawa iko wapi. Akasema ndiyo hiyo.

Nikalipa. Risiti ninayo. Nimetoa fedha halali ili niambiwe nikae na nisimame, kazi ninayoifanya bure tangu utotoni.

Nyumbani ndiko kwenye visa. Mjukuu amejipa cheo cha kuhesabu, na akifika saba anarudi tatu, kwa makusudi, namjua. Mke wangu ameligundua zoezi la kukaa na kusimama, akaona fursa. "Kwa vile unasimama, hebu nipe kile kikombe." Nakaa. "Kwa vile unasimama, hebu angalia jiko." Zamani nikisema goti linauma naachiwa, sasa goti likiuma ndiyo sababu ya kutumwa. Tena binti wa hospitali alimwambia mbele yangu, bila ya huruma, kwamba watafiti wa North Carolina waliowapima wazee wanene wenye magoti mabovu waliona kila kilo moja unayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kilo nne kwa kila hatua. Tangu siku hiyo sahani yangu ya biriani inapimwa kwa jicho.

Na maumivu? Hayo ndiyo yaliyonichanganya zaidi. Nilidhani nikisikia uchungu niache. Binti akasema nitie alama: sifuri hakuna kitu, kumi hakustahamiliki. Ikibaki tano au chini yake, endelea, mradi kesho yake asubuhi goti limerudi kama lilivyokuwa. Lisiporudi, punguza kazi, usiiache. Basi siku hizi nauguza goti kwa hesabu, mimi niliyeikimbia hesabu tangu skuli.

Sasa niende msikitini, ingawa najua nitapata maadui. Sala za faradhi kwa siku ni rakaa 17, na kila rakaa ina sijda mbili, hizo ni sijda 34, tuache suna. Hakuna chumba cha mazoezi kinachomtaka mzee aende chini na kuinuka hivyo. Lakini viti vya plastiki pembeni mwa safu vinaongezeka kila Ijumaa. Mwenye udhuru ana ruhusa, dini imempa, sina neno naye. Neno langu ni kwa bwana anayesali kitini, kisha ukenda sokoni Darajani unamkuta amechuchumaa mbele ya fungu la samaki changu, anawafungua mashavu mmoja mmoja, na haoneshi dalili ya kuinuka. Goti la aina gani hilo linalouma kwa Mungu tu? Mimi niliwekewa kiti bila ya kuomba, na kijana mwenye adabu zake, nikamshukuru. Binti akaniambia niweke msala uliokunjwa chini ya magoti, nishike kiti wakati wa kuinuka, na kadiri paja linavyopata nguvu nikiache. Nimekiacha. Kijana bado ananiwekea. Nimemwachia mwenye changu.

Ikawaje? Goti linalia kwa-kwa-kwa kama zamani, na nimeambiwa kelele isiyouma haina madhara. Haikuwa kazi ya siku mbili. Msuli unataka wiki kadhaa kabla haujakuonesha sura. Lakini ngazi nashuka uso mbele, sishuki tena kiupandeupande nikishika ukuta. Jambo hilo linaniudhi. Mtu aliyekula makongoro yote yale alistahiki kupona kwa makongoro.

Wenye magoti wanaonisoma, mnisikilize hapa bila ya kucheka. Goti likivimba ghafla, likawa jekundu na moto, nawe una homa. Au umeanguka na huwezi kuukanyagia mguu. Au limekwama halikunji wala halinyooki: hilo si la kiti na taulo. Ni la hospitali, siku hiyo hiyo, na msipitie barazani.

Limebaki zoezi la kidato. Nalifanyia ngazini kwetu baada ya magharibi, pakishatulia, na taa ya ngazini imeungua tangu kabla ya Ramadhani. Nafanya kwa tochi ya simu, mkono mmoja ukutani, huku watoto wanapita mbio wananipigia kumbo. Kwa hivyo wenzangu wa ngazi moja: mchango wa taa ni shilingi elfu mbili kwa kila mlango. Nazipokea mimi, ghorofa ya nne, na mzilete wenyewe juu.