Sukari Haikukatwa Sifuri

Hakuna cheo kinachotolewa kwa shangwe na kupokelewa kwa majuto kama usimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo kilinipigia makofi, mahakama ya mwanzo ikanigongea muhuri, na tangu siku hiyo kila aliyekuwa akimdai marehemu baba mkubwa anayo namba yangu ya simu. Waliokuwa wakidaiwa naye wamebadilisha laini.

Madeni ya hapa Tunduma hayakunitesa sana. Fundi bati, mwenye mashine ya kukoboa, duka la pembejeo: tulikaa, tukaombana punguzo, yakaisha. Lililonitoa jasho liko ng'ambo, Nakonde. Mwaka 2012 mzee alichukua sukari ya Zambia kwa mali kauli kutoka kwa mama mmoja mfanyabiashara, Bamayo. Sukari ilipita njia ya panya, kwa hiyo habari za risiti usiniulize. Ushahidi ni daftari lililotafunwa na mende pembeni: jina la mzee, mifuko mitatu, K500,000, na sahihi ninayoijua vizuri, maana ndiyo iliyokuwa kwenye ripoti zangu za shule.

Sasa sikia balaa. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia ilifyeka sifuri tatu kwenye kwacha yake. Elfu moja ya zamani ikawa kwacha moja, na sarafu za ngwee zikarudi mifukoni. Laki tano ya Bamayo ikaamka asubuhi ni mia tano. Siku ile hakupoteza kitu, kwani bei nazo zilikatwa vilevile. Mia tano hiyo ilikuwa kama shilingi 150,000 za kwetu. Lakini kwacha haikutulia pale ilipoachwa. Leo ukiipeleka kwa wabadilishaji fedha wa mpakani, hata nusu ya hizo huipati.

Hapo ndipo ukoo wangu ulipojaa wataalamu. Binamu akasema, "Tangu 2025 wana noti ya mia tano. Mpe moja, yaishe." Shemeji, ambaye sheria aliisomea kijiweni, akatukumbusha kwamba madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, kwa hiyo deni lilishakufa 2018, tena lilikuwa la magendo. Shangazi peke yake ndiye aliyeuliza kama kuna aliyekunywa chai isiyo na sukari mwaka ule. Hakujibiwa. Na hao hao wataalamu, jioni yake, walikuwa wakinipigia simu kuulizia mgao wa kiwanja.

Bamayo alikuja mwenyewe. Saa za Nakonde ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, lakini mdai huwahi kwa saa zote mbili: alinikuta na mswaki mdomoni. Akasalimia, akatoa pole ya msiba, akakubali chai, akakoroga taratibu. Nikamweleza habari ya noti ya mia tano. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Mwanangu, kwacha ilikatwa sifuri. Sukari haikukatwa. Alichukua mifuko mitatu, nirudishieni mifuko mitatu."

Niliwatazama wataalamu wangu. Binamu alikuwa anasoma simu, shemeji amekumbuka kuna mtu anamsubiri stendi.

Basi niliuza bati zilizobaki stoo, maana madeni ya marehemu hutangulia mgao wa warithi, wapende wasipende. Nikavuka, nikanunua mifuko mitatu duka la jirani yake, nikaipeleka kwa mkokoteni hadi kibarazani kwake. Bamayo akaipapasa mishono, akapiga mstari daftarini, akanitaka nisaini. Nikiwa nasaini, jicho likateleza ukurasa wa pili: jina la binamu, yule wa noti moja, mafuta ya kula, ndoo mbili. Hilo si la mirathi. Mwenye nalo bado anatembea, atalijibu mwenyewe.

Nawe unayechukua mali kauli ng'ambo ya mpaka, andika mzigo uliochukua, usiandike bei peke yake. Umweleze na mwenzako nyumbani, ili msimamizi wako asikutane na daftari kwa mara ya kwanza akiwa na mswaki mdomoni. Lakini lililo bora zaidi ni kulipa ukiwa hai. Warithi wa mali hawakosekani. Mrithi wa deni huchaguliwa kwa kupigiwa makofi.