Mhadhara wa Juu Kabisa Kuhusu Utumbo wa Kamba

Mabibi na mabwana, wafugaji, wauza vyakula vya mifugo, na ninyi mliofuata soda: tulieni. Mbele yenu amesimama bingwa asiye na mpinzani katika fani ya ule uzi mweusi unaopita mgongoni mwa kamba, ambao wapishi huuchokoa kwa ncha ya kisu na kuutupa. Ninyi mnautupa, mimi nimeupa hadhi ya taaluma. Hoja yangu ni moja, nayo ni nzito: anayemlisha kamba mashudu ya soya bila kuwafikiria bakteria wa ndani ya uzi huo, amelipia protini ambayo kamba wake hataifaidi yote.

Sikilizeni ushahidi, kwani elimu yangu haina choyo. El Niño inapoipasha moto bahari ya Peru, samaki aitwaye anchoveta huadimika, bei ya unga wa samaki hupaa, na viwanda vya chakula cha kamba hukimbilia soya. Lakini soya haikuumbwa kumfurahisha kamba: ina vizuizi vya tripsini vinavyokwamisha usagaji wa protini, na ina fitati inayong'ang'ania fosforasi. Hapo ndipo bakteria Bacillus subtilis na jamaa yake Bacillus licheniformis, wakichanganywa kwenye chakula, huingia kazini. Hutoa vimeng'enya vya kuvunja protini, baadhi yao hata fitati, na humnyang'anya bakteria mbaya aitwaye Vibrio nafasi na chakula. Na Vibrio si wa kuchekewa: mwaka 2013 ilibainika kwamba Vibrio parahaemolyticus ndiye aliyekuwa akifagia mabwawa ya Asia kwa vifo vya mapema. Kamba hatengenezi kingamwili, hivyo hachanjwi kama kuku anavyochanjwa mdondo. Ulinzi wake sharti uanzie tumboni.

Najua wabishi hawakosekani. Mmoja atasema bakteria hufia kiwandani, kwenye mvuke wa kutengenezea vidonge vya chakula. Ni kweli kwa Lactobacillus, ambaye heri anyunyiziwe pamoja na mafuta vidonge vikishapoa. Bacillus hujifungia ndani ya spora na kupita jotoni salama. Mwingine atasema soya ikikaangwa vizuri mambo yamekwisha. Joto hupunguza vizuizi vya tripsini, ila fitati hustahimili. Wa tatu, ninayemheshimu shingo upande, atakumbusha kuwa soya ina uhaba wa asidi amino iitwayo methionini. Pengo hilo bakteria hawa hawalizibi, hata nikiwaamuru mimi. Methionini iongezwe, tena isiyoyeyuka upesi, maana kamba hukishika kidonge kwa miguu na kukimega kidogo kidogo huku maji nayo yakila sehemu yao.

Basi natamka: kila mfuko wa chakula cha namna hii uandikwe jina la bakteria, idadi ya walio hai na tarehe ya mwisho wa matumizi. “Bakteria rafiki” peke yake haitoshi. Rafiki asiye na jina wala anwani ni mkopaji. Na bwawa lenye tope bovu na hewa haba haliokolewi na mfuko wowote, hata ukibandikwa picha yangu. Sasa pigeni makofi. Maswali yaandikwe kwa adabu, yakianza na vyeo vyangu vyote.