Machale Yakikucheza Kuhusu Mbwa

Umemwaga makombo ya ugali kwenye sahani na Simba hajatokea, yeye ambaye siku zote hufika kabla sufuria halijaepuliwa. Kajikunyata nyuma ya choo. Machale yamekucheza, yaamini. Hapa Saza hakuna anayemjua mbwa huyo kukushinda.

Kazi ya kwanza ni kuwashukuru majirani waliokusanyika na kuwaomba warudi makwao. Mmoja atasema kalogwa, wa pili ataleta mafuta ya kula, wa tatu ana parasetamo mfukoni. Ibaki humo humo mfukoni: kidonge kimoja chatosha kumuua paka, na mbwa nao hudhurika.

Kisha tazama bila kushika. Taya limelegea, udenda unachuruzika, sauti imekauka, anashindwa kumeza? Machale yatakwambia mfupa umemkwama. Hapo usiyafuate tena, kwa sababu yanajua kuna tatizo ila hayajui ni lipi. Hizo ni dalili za kichaa cha mbwa, na virusi vyake vimo kwenye huo udenda unaotaka kuutumbukizia mkono. Mfungie ndani, watoto wakae mbali, mpigie bwana mifugo. Aliyeng'atwa, au aliyeingiwa na udenda kwenye kidonda, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kuchanjwa siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa.

Huku kwetu kwenye dhahabu kuna swali jingine: leo alizurura wapi? Kama alikuwa kwenye makarasha ya kusagia mawe au kwenye matangi ya kuchenjulia dhahabu, mwambie bwana mifugo. Maji yenye sayanaidi huua kwa muda mfupi sana, hayasubiri kesho.

Asipokuwa na dalili za kichaa na akakubali kushikwa kama kawaida, mfunue mdomo wa juu kidogo. Ufizi uliopauka huenda ni homa ya kupe. Jicho lililoingia ukungu huenda ni ugonjwa wa ndorobo. Kazi yako si kuamua. Ni kumweleza bwana mifugo ulichokiona: alikula lini, mkojo una rangi gani, anatembeaje. "Anaumwa tu" haimsaidii.

Kadi ya chanjo uwe nayo mkononi. Kama Simba hajachanjwa, mwambie bwana mifugo ukweli hapo hapo kwenye simu, ili ajikinge kabla hajawasha pikipiki.