Tumbili na Mlima wa Udongo

Hapo kale, katika nchi tambarare yenye joto iliyo kusini mwa Kilimanjaro, pale mto Kikuletwa unapokutana na mto Ruvu, palikuwa na ukoo mkubwa wa tumbili walioishi juu ya migunga na kunywa maji ya mito hiyo miwili. Kila alfajiri, kabla mawingu hayajakusanyika, waliuona mlima upande wa kaskazini, mweupe kileleni, mdogo kama kofia iliyosahauliwa juu ya mkeka. Na kwa kuwa ni vigumu kumweleza mtoto jambo lililo mbali, akina mama wa ukoo ule walikuwa na desturi njema: kila mtoto aliyeachishwa ziwa alifinyangiwa mlima wa udongo wenye kimo cha shibiri moja, ukapakwa majivu kichwani, naye akaambiwa, "Huu ndio mlima wetu. Ndio unaotunywesha."

Alikuwapo mtoto mmoja aliyeupenda mlima wake kuliko wenzake wote. Alipokuwa bado mdogo alilala nao kifuani, akiunong'oneza ndoto zake. Alipokua kidogo akafundishwa kwamba mlima halisi hujifunika mawingu kila adhuhuri kwa kuchukizwa na utundu wa watoto, naye akawa anatembea ameinamisha shingo, akihesabu makosa yake kila kivuli kilipofupika. Alipobalehe akajifunza biashara: jioni aliweka tunda mbele ya udongo, asubuhi akatazamia mvua, ikinyesha, alijisifu kwamba ameupendeza, isiponyesha, aliongeza tunda la pili. Hivyo mlima ule ule wa shibiri moja ukawa kwake mlezi, kisha hakimu, kisha mwenye duka, wala hakung'amua kwamba kilichokuwa kikibadilika ni kimo chake mwenyewe.

Ukaja mwaka wa ukame, mito ikapungua ingawa haikukatika, na mama wa kijana akaugua. Akaweka mbele ya udongo matunda yote aliyoyapata, hata yale yaliyokuwa chakula chake. Mama akafa, na matunda yakaozea palepale. Usiku ule kijana aliutwaa mlima wake akaubamiza jiweni, ukawa vigae.

Wazee wakaitisha baraza. Mkuu wao akanyoosha mkono kuelekea kaskazini, akafumba jicho moja, akaupima mlima baina ya kidole gumba na cha mwisho, kisha akatangaza kwamba ni shibiri moja, kama walivyopima mababu, na kwamba anayeuona mkubwa zaidi ana ugonjwa wa macho; kijana afinyangiwe mwingine wa kimo kilekile, wala asiulize swali. Hapo vijana waliokuwa wakificha vigae vyao kwa muda mrefu wakainuka na kusema, "Udongo umevunjika, basi hakuna mlima." Ukoo ukagawanyika, ndugu wakanuniana, walinzi wa udongo na wavunjaji wa udongo wakarushiana maneno tangu masika hadi vuli. Hawakutambua kwamba katika jambo kubwa walikuwa wamoja, kwani pande zote mbili ziliamini kuwa mlima na udongo ni kitu kimoja. Na kila jioni wote walishuka mtoni wakanywa bega kwa bega, pasiwe na hata mmoja wa kuuliza maji yatokako.

Kijana hakukaa upande wowote. Aliufuata mto kuelekea ulikotoka, na kila siku mlima ulikua mbele yake: kofia ikawa nyumba, nyumba ikawa ukuta uliojaza nusu ya mbingu, naye moyo wake ukafurahi. Akapita chini ya migomba ya Wachaga, akaivuka mifereji yao waiitayo mifongo, kisha akaingia kwenye msitu wa mikulo. Huko mlima ukatoweka. Palikuwa na ukungu, na giza la mchana, na ndevu za kijani zilizoning'inia matawini zikidondosha matone. Siku ya tatu akaketi juu ya jiwe akalia, akisema moyoni kwamba wavunjaji walinena kweli.

Akatokea pofu mzee, yule mnyama ambaye asiyemjua hudhani jina lake ni la upofu, kumbe ni mmoja wa wachache wanaoupita msitu na kufika nyanda za juu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Walilia nini?"

"Mlima, babu. Nyumbani niliuona kila alfajiri. Nimeujia karibu, umenipotea."

"Umekalia nini?"

"Jiwe."

"Na jiwe limekalia nini?"

Kijana akanyamaza.

"Ulipokuwa mbali," pofu akasema, "mlima uliweza kuenea machoni mwako. Sasa wewe umo ndani yake. Kupotea njia ndiko kujua njia, mjukuu wangu. Inuka unywe."

Akampeleka kwenye chemchemi iliyotoka chini ya mizizi. Kijana akainama, akanywa, akashtuka, maana ladha ile aliijua. Yalikuwa maji ya kwao, yale aliyomnywesha mama yake kwa kiganja usiku wa mwisho. Hakupewa jibu kwa nini mama alikufa, lakini alijua sasa kwamba usiku ule hawakuwa peke yao. Akalia tena, kilio kisichofanana na kile cha kwanza.

Walipotoka juu ya msitu, ukungu ukafunguka, na Kibo, kilele cha mlima ule, akasimama mbele yao, asifanane na udongo wowote uliowahi kufinyangwa. "Babu, huku juu unauona wote?" kijana akauliza. "Nimezeekea hapa," pofu akajibu, "na kila ukungu ukifunguka nakuta sijauona."

Aliporudi kwao, wazee walidhani atavunja udongo wa watoto, na wavunjaji walimngoja kwa shangwe. Yeye aliketi kando ya mto akamfinyangia mpwa wake mlima wa shibiri moja, akaupaka majivu. Kabla hajampa, aliushika mkono wa mtoto akauchovya majini. "Huu ni mlima kama uonekanavyo kutoka hapa," akamwambia. "Siku utakapokuvunjikia, usilie juu ya vigae, wala usiseme hakuna mlima. Fuata maji."

Siku hizi maji ya Kikuletwa na Ruvu yamekingwa pale kwa bwawa, nalo huitwa Nyumba ya Mungu. Alfajiri isiyo na mawingu, anayesimama ukingoni huuona mlima upande wa kaskazini, mdogo kama kofia.