Posa ya Pamba

Mama mkwe wangu ndiye aliyeanza. Tulikuwa tumemaliza kula, taarifa ya habari inasoma hali ya hewa, yeye akaweka kikombe chini na kusema, "Huyu sungura wenu amevunja ungo zamani. Mnamwekea nini ndani?"

Sungura mwenyewe anaitwa Pamba. Ni mweupe, aina ya New Zealand White, macho mekundu, masikio yanaonyesha mishipa akikaa juani. Shemeji yangu alimleta kutoka Morogoro ndani ya tenga la nyanya, zawadi ya binti yetu Zuhura kwa kufaulu mtihani wa darasa la nne. Banda lake liko uani, kati ya simtanki na jiko la mkaa, na mpaka siku ile hakuna aliyekuwa na neno naye.

Kumbe Baba Zuhura alikuwa na lake moyoni. Alichomoa risiti ya LUKU mfukoni, akaigeuza, akaanza kuandika. Mimba ya sungura siku 31. Vitoto 8 kwa uzao mmoja. Mizao 6 kwa mwaka. Jumla 48. "Na hapo sijahesabu wajukuu," akasema, akichora mishale ya wajukuu mpaka risiti ikaisha. Halafu akahamia kwenye mkojo. Kenya, akatuambia, wakulima wanakinga mkojo wa sungura kwenye madumu na kuuza kwa lita, mbolea ya mboga. Hilo ni kweli, nami nilikuwa nalijua. Nisilolijua ni kwamba mbao na waya za mabanda alikwishazinunua, zimelala kwa fundi seremala zinamngojea.

Nikauliza hao 48 watakwenda wapi.

"Wa nazi," alijibu mama mkwe, ambaye ni mtu wa Tanga na kwake kila kiumbe halali kina namna yake ya kupikwa. Zuhura akaangua kilio. Basi nyumba ikawa na pande tatu: upande wa mradi, upande wa mboga, na upande wa mtoto aliyekwisha kuvipa majina vitoto ambavyo havijatungwa.

Mimi sikuwa na upande. Sikatai sungura azae. Nilichotaka ni kujua kitoto kikitoka mlango wa banda langu kinaingia mlango wa nani. Binti wa watu akiposwa, wazee wanauliza: huyo kijana wa ukoo gani, ana ugonjwa gani kwao, atamweka wapi mkewe. Nikasema na Pamba tutamwoza hivyohivyo. Bwana harusi alikuwa mmoja tu mtaani, Kamanda, dume la kijivu la fundi cherehani wa nyumba ya nyuma. Nikatoa masharti yangu. Bwana mifugo awapime wote wawili: masikio yasiwe na ukurutu, pua zisiwe na mafua, na meno yapangane vizuri, maana meno ya sungura hukua maisha yake yote, na yakipishana mnyama hawezi kula, na ubovu huo hurithiwa. Fundi aseme Kamanda ametoka wapi, tusije tukaoza ndugu. Na kabla ya yote hayo, ziandikwe ukutani karibu na friji nafasi 8, kila nafasi ipate jina la mtu mzima aliyekubali kuchukua kitoto, tena cha kufuga.

Sharti la mwisho lilikuwa la hali ya hewa. Ilikuwa mwezi wa tatu, Dar inachemka. Joto likipita nyuzi 30 sungura huanza kuteseka, hahemi vizuri, na dume aliyepigwa na joto kwa muda anaweza kukosa uwezo wa kutia mimba kwa wiki kadhaa. Pamba mwenyewe tulikuwa tukimwekea chupa ya maji yaliyogandishwa, anailalia ubavu mchana kutwa. Nikasema tungoje kipupwe. Kikao kikaahirishwa, mama mkwe akanung'unika kwamba zamani watu walikuwa hawaahirishi.

Kutafuta majina 8 ndiko kulikonifundisha mji huu. Ukimwambia mtu wa Dar una vitoto vya sungura vya kugawa, macho yake yanacheka kabla ya mdomo. Kazini, mwenzangu wa mapokezi aliuliza vinanona kwa muda gani. Dereva wetu alisema atachukua vitatu, nikamwuliza atavilaza wapi, akasema, "Kwani vitalala?" Kila jina nililoliandika jioni, asubuhi nililifuta.

Mwokozi wangu alikuwa mhasibu wetu, mama wa Kisabato. Aliposikia akakunja uso. "Sisi sungura hatuli, dada. Ametajwa kwenye Mambo ya Walawi, sura ya 11." Alidhani ananikatalia. Nilimshika mkono nikamwambia wewe ndiye niliyekuwa nakutafuta. Akaniandikisha yeye na dada yake anayekaa Kimara. Kutoka hapo nikapata akili. Ghorofa ya jirani kuna familia ya Shia Ithnaasheri, na kwa madhehebu yao sungura ni haramu. Watoto wao walikuwa wakimchungulia Pamba juu ya ukuta kila jioni. Nikaenda na sahani ya visheti, nikarudi na majina mawili. Mama mkwe alipoiona orodha ikijaa, akaniuliza ni posa gani hii inayochagua wakwe kwa wasichokula.

Masika yakapita. Orodha ikafika watano, ikagoma.

Jioni moja ya mwezi wa sita fundi cherehani akabisha hodi. Akamwamkia mama mkwe, "Shikamoo mama." "Marahaba, baba," akaitikia bila kuinua uso, anapeta mchele. Fundi akanigeukia. "Mama Zuhura, nimekuja kukumbushia tu. Mimi nitachukua jike."

"Jike gani, fundi?"

Fundi akamtazama mama mkwe. Mama mkwe akazidi kupeta. Ungo ulikuwa hauna hata chuya.

Ilitoka kidogokidogo. Siku moja mimi nikiwa kazini, mama mkwe alimtia Pamba kwenye tenga, akamfunika khanga, akatoka naye kama anakwenda sokoni. Kwa utaalamu, siwezi kumlaumu: jike ndiye hupelekwa kwa dume, kwa sababu ukimleta dume bandani kwa jike, jike humwona mvamizi na kumng'ata. Hilo alilijua tangu utoto. "Sikumaliza hata kumwamkia mke wa fundi," akasimulia, sasa akiwa na raha ya msimulizi. "Kamanda akapanda, akatoa mkoromo, akaanguka ubavu kama maiti. Nikasema, Mungu wangu, tumeua dume la watu." Ndivyo madume wa sungura wanavyomaliza. Kamanda akainuka, akajipangusa uso, na mahari ikakubaliwa papo hapo: kitoto kimoja, fundi achague mwenyewe.

Nikampigia bwana mifugo nikiwa na tumaini dogo kwamba huenda Pamba hakuwa kwenye siku zake. Akacheka. Sungura hana siku za kungoja kama mbuzi, akaniambia. Kupandwa kwenyewe ndiko kunakolitoa yai, saa kama 10 baadaye. "Hesabu siku tu, mama."

Baba Zuhura alijitahidi kukasirika. Nusu saa baadaye nilimkuta uani na msumeno, anapiga mluzi, anatengeneza boksi la kuzalia, upande wa mbele ameukata chini ili Pamba aruke bila kukwaruza chuchu. Tulilijaza nyasi kavu. Siku za mwisho Pamba akaanza kubeba nyasi mdomoni, kisha akaanza kujing'oa manyoya ya tumboni, vishungi kwa vishungi, mpaka ngozi ikaonekana. Zuhura alikuja mbio akilia kwamba Pamba anajichuna. Bibi yake akamshika bega: "Anatandika kitanda, mjukuu wangu. Mwache."

Alizaa alfajiri, kimya, hakuna aliyesikia. Tulichokiona asubuhi ni manyoya meupe yanayopumua. Mama mkwe akanawa mikono, akayafunua kwa vidole viwili. Chini yake palikuwa na vitu vya rangi ya waridi, macho yamefungwa, masikio yamelala kichwani, hakuna unyoya hata mmoja. Vilipoguswa na ubaridi vikaruka kwa pamoja, kwa nguvu ya ajabu, vikatulia. Vilikuwa saba kwa jumla. Mmoja hakuruka. Mama mkwe akamtoa, akamfunga kwenye kitambaa kabla Zuhura hajasogea karibu.

Balaa likaanza mchana. Pamba alikaa pembe ya mbali ya banda, anatafuna nyasi, hana habari na boksi. Mchana wote hakuingia. Jioni hakuingia. Zuhura alisema mama amewakataa watoto. Mama mkwe akataka ashikwe kwa nguvu alazwe juu yao. Baba Zuhura alikuwa akiulizia maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Simu nyingine kwa bwana mifugo. Sungura, akasema, hanyonyeshi kutwa kama paka. Huingia mara moja, pengine mara mbili kwa siku nzima, dakika 3 mpaka 5, akatoka zake. Porini mama akikaa karibu na shimo, harufu yake itamwita adui. Kazi yetu ilikuwa moja, kutazama matumbo.

Kesho yake nilitazama. Nilimtoa mmoja nikamweka kiganjani. Tumbo lilikuwa limejaa, limemzidi kichwa, na chini ya ngozi ile nyembamba niliona weupe wa maziwa. Pamba aliingia usiku tukiwa tumelala, akafanya kazi yake, akatoka, na sisi tukakaa tunamsema ubaya.

Siku hiyohiyo mama mkwe alinivuta jikoni. Akaninong'oneza kwamba jike aliyezaa hushika mimba tena saa ileile, ndivyo wafugaji wanavyofanya, na Kamanda yuko pale nyuma hana shughuli. Anachosema ni kweli. Nilikwenda dukani nikanunua kufuli.

Macho yalifunguka baada ya siku 10 hivi, na kuanzia hapo banda halikutosha. Vilitoka, vikala, vikarukiana, vikaingia kwenye sahani ya mama yao na kulala humo. Vilipoachishwa ziwa, bwana mifugo alikuja kuvitambua jinsia. Aliwalaza mmoja mmoja chali kwenye mapaja, akabonyeza kwa kidole gumba: dume hujitokeza kama kimrija, jike ana mpasuko. Akasema watatu kwa watatu. Akamrudia mmoja, akanyamaza, akasema samahani, wanne kwa wawili. Kama yeye anakosea, mwuzaji wa barabarani je? Akatuonya kwamba kufikia miezi mitatu, minne, kaka hajui kwamba huyu ni dada yake, na madume wawili watapigana mpaka wajeruhiane kwenye makende. Baba Zuhura alitoa risiti yake, akaitazama mishale ya wajukuu, akairudisha mfukoni.

Ugawaji haukwenda kama orodha. Mtu mmoja alihamia nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba hataki mifugo. Akaja mwingine tusiyemjua, kasikia mtaani, ana kiroba mkononi, anauliza kilo. Zuhura alimfungia mlango. Mama mkwe alimfuata mpaka barabarani kumwomba radhi, nadhani pia kumwelekeza namna ya kukuna nazi. Majike wawili, ndugu, walikwenda ghorofani kwa majirani zetu wa Ithnaasheri, wakiwa na banda lenye kivuli na chumba cha kujificha. Wawili wengine walikwenda kwa mhasibu na dada yake wa Kimara. Nilikwenda kuwakagua. Mhasibu ananunua nyasi kavu kwa gunia na amekataza watu wa nyumbani wasiwape majani ya nyanya wala parachichi.

Fundi alikuja kudai jike lake. Nikamwambia jike huyo baba yake ni Kamanda, na Kamanda hatamwuliza ukoo. Tulibishana mpaka adhana ya magharibi. Akaondoka na dume, amenuna, na ikambidi amjengee banda la pili. Mbao akazipata kwa Baba Zuhura.

Akabaki dume mmoja, ambaye Zuhura alimwita Mshenga. Hawezi kukaa na mama yake mpaka ahasiwe, na hata akishahasiwa atatengwa wiki kadhaa, kwa kuwa mbegu zilizobaki ndani bado zina kazi. Kazi yenyewe si ya kila daktari. Usingizi wa dawa kwa sungura unataka mkono uliozoea, tukazunguka mji mpaka tukampata mmoja, akatupa nafasi ya Jumamosi. Baba Zuhura ndiye atakayempeleka. Tangu tulipopanga, akipita bandani hamtazami Mshenga usoni.

Mama mkwe alikwisha rudi Tanga. Juzi alituma sauti kwa simu. Alianza kwa salamu za kila mmoja, akauliza bei ya nazi Dar, kisha akasema jirani yake hapo ana jike zuri la sungura, jeusi, linakaa peke yake, linasikitisha kulitazama. Je, yule kijana wetu wamekwisha kumkata?

Leo ni Alhamisi. Baba Zuhura alichukua simu, akamjibu mama yake kwa sauti ya huzuni kwamba walimkata wiki iliyopita, na kidonda kinaendelea vizuri.